Jina la Baba Mkwe

"Hayumo," Mwalimu aliniambia Jumamosi ya kwanza. Jumamosi ya pili akasema tena hayumo. Ya tatu aliniona tu naingia mlangoni akaanza kutikisa kichwa, hata salamu sijatoa, na hapo ndipo nilipopanda hasira. Mimi ni mtu wa kukasirika haraka, sikatai, waulize wanaonunua viazi vyangu Goma. Lakini kunitikisia kichwa kabla sijaketi, hilo hapana. Nilimwambia babu yangu si deni la dukani, la kufutwa kwa kutikisa kichwa. Akacheka, akanivutia kiti.

Huyo Mwalimu alifundisha historia Goma mpaka akastaafu, na sasa ana kompyuta moja kuukuu na kazi moja aliyojipa mwenyewe. Binti yake anayeishi Ubelgiji alimletea nakala za kumbukumbu za askari wa zamani, wale ambao Wabelgiji waliwachukua huku kwetu kwenda kupigana Abisinia na kwingine wakati wa vita ya pili ya dunia. Kila Jumamosi anafungua chumba kidogo nyuma ya parokia, na watu wanakuja, wa Goma na sisi wa Gisenyi tunaovuka mpaka. Wanakuja na picha zilizoliwa na mende, vifungo vya shaba, mkanda uliokauka. Unampa jina la mtu wako, anatafuta, na kama Mungu yuko upande wako anakutolea karatasi moja wanayoiita fishi. Fishi ina urefu wa mtu, alama za mwili, mahali alipoandikishwa, alikopigana, hata adhabu alizopewa. Nimemwona mzee mwenye mvi analia kwa furaha kwa sababu baba yake aliwahi kufungwa siku nane kwa kumtukana mkubwa wake.

Kwetu upande wa Rwanda habari hizi hazizungumzwi kwa sauti. Ukisema mbele ya watu kwamba unatafuta habari za askari wa familia yenu, watu wanaangalia viatu vyao. Siku moja nilikuwa Mahoko nasubiri gari, nikamwambia mama mmoja ninakotoka. Aliniuliza polepole, askari wa vita gani, wa upande gani? Nikamjibu vita ya wazungu, upande wa wazungu, na babu yangu hakuulizwa anataka upande upi. Akashusha pumzi, tukaendelea na habari za bei ya mboga. Mimi sikushusha sauti, na sitashusha. Mtu alikwenda, akarudi na mguu mbovu, kisha tunong'one kana kwamba aliiba?

Nieleze babu huyu ni nani. Ni baba wa baba yangu. Alizaliwa Rwanda, akavuka kwenda Kongo bado kijana kutafuta kazi, na huko ndiko jeshi lilipomchukua. Aliporudi kutoka vitani akakaa Goma, akaoa, akazaa, na sisi wajukuu tukazaliwa hapo hapo. Namkumbuka vizuri, maana alikufa nikiwa na miaka kumi na mmoja. Asubuhi alitupanga mstari uani akakagua kucha zetu. Mwenye kucha chafu alizunguka nyumba mara tatu akihesabu hatua kwa Kifaransa, gauche, droite, kushoto, kulia, mpaka majirani wakacheka. Jumapili, jua liwe kali namna gani, alivaa kabuti lake zito la kijani kibichi lililofika magotini akaenda nalo misa. Vita yenyewe hakuisimulia. Ukimwuliza Misri ikoje alisema ni mchanga, na ukimwuliza tena alisema ni mchanga mwingi.

Baadaye sisi tulirudi Gisenyi, na baba mdogo akabaki Goma na sanduku la bati la mzee. Ndani mlikuwa na medali, karatasi zake zote na lile kabuti. Mlima wa moto ulipolipuka, lava ikapita juu ya nyumba ya baba mdogo, na sanduku likabaki chini. Leo hapo pana nyumba nyingine, imejengwa juu ya mawe hayo hayo. Baba mdogo amekufa. Baba yangu amekufa. Waliokula meza moja na mzee tumebaki wawili, mimi na Mama.

Sasa, mwaka jana kwenye harusi moja, mzee fulani wa ukoo, bia imemkolea, akasema mbele ya meza nzima kwamba yule babu wetu hakuwa askari hata siku moja. Alikuwa mpishi wa wazungu, ati, na lile kabuti alilinunua kwenye mitumba. Watu wakacheka. Mama alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka hapo. Alimaliza soda yake, akaniambia twende nyumbani. Njiani tulipofika karibu na hoteli za ziwani alisimama akanishika mkono.

"Utanitafutia karatasi ya mzee," alisema. "Kabla sijafa nataka niiweke mbele ya yule mwenye mdomo."

Basi. Ndiyo maana nilikuwa navuka kila Jumamosi. Na ndiyo maana "hayumo" ya Mwalimu ilikuwa inanichoma.

Ile Jumamosi ya tatu, baada ya kunivutia kiti, Mwalimu aliniomba nimwambie tena jina ninalotafuta. Nikampa lile lile, lililoandikwa msalabani kaburini kwa mzee, jina la ubatizo na jina la pili lililofuatana nalo. Hilo ndilo lililo kwenye vitambulisho vya baba yangu. Hilo ndilo sote tulilolijua. Mwalimu akakuna kidevu akaniuliza swali dogo: mzee alibatizwa lini? Nikamwambia sijui, mimi nilimkuta tayari Mkristo. Akasema nikaulize.

Nilimkuta Mama uani anachambua maharage. Alinijibu bila kuinua kichwa kwamba mzee alibatizwa aliporudi kutoka vitani, maana mama mkwe wake, yaani bibi yangu, ambaye alikuwa binti wa watu wa misheni, alikataa kuolewa na mpagani. Padri alimpa jina la kwanza, naye mzee akajichagulia la pili, akasema lile la zamani ameliacha jeshini.

Nilikaa chini kwenye majani ya maharage nikacheka, nikalia, sijui kipi kilianza. Wiki tatu! Tulikuwa tunamtafuta vitani mtu ambaye hakuwepo mpaka vita ilipokwisha. Jeshi lilimwandika kwa jina alilopewa na baba yake, na hilo jina sote hatulijui.

Sote isipokuwa Mama, kwa sababu aliambiwa siku alipoolewa. Ilibidi aambiwe, ili ajue neno ambalo kinywa chake hakitalitamka tena.

Kwetu Wanyarwanda mke hataji jina la baba mkwe wake. Desturi hiyo inaitwa gutsinda. Hataji jina, wala hataji neno lolote linalofanana nalo, hata liwe la kitu cha kila siku. Vijana wa leo hawaijali, wanawaita wakwe zao majina kama wanavyoita wenzao shuleni. Mama ni wa zamani. Kuna kitu kimoja cha jikoni, cha kawaida kabisa, ambacho jina lake la Kinyarwanda linakaribia jina la mzee. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda, lakini kitu hicho Mama anakiita kwa Kiswahili tu. Tukiwa wadogo tulidhani ni mazoea yake ya Goma. Tulimtania, tukamwuliza kinaitwaje kwa Kinyarwanda, naye alitufukuza na mwiko.

Kwa hiyo nilimwomba hapo hapo, kwa upole, maana upole ninao nikitaka. Mama, jina la zamani la mzee ni lipi? Akainuka akaenda kutazama maharage yaliyo motoni. Motoni hapakuwa na maharage.

Nilijaribu hila. Nilichukua lile neno la jikoni nikalifinyanga likawa majina matatu ya wanaume, nikamtajia moja moja na kumtazama usoni, nikamwambia asiseme kitu, aitikie kwa kichwa tu. Akanigeuzia mgongo. Kuitikia, alisema, nako ni kutaja. Nikapeleka hayo majina matatu kwa Mwalimu. Mmoja alikuwa mtu wa Kasai. Wa pili alikufa kwa kuhara hata kabla ya kufika Abisinia. Wa tatu hakuwepo kabisa.

Hapo tuligombana, mimi na Mama, ugomvi wa kweli. Nilimwambia heshima gani hii inayomzika mzee mara ya pili. Nilimwambia yule mwenye mdomo atakufa anacheka. Yeye alinijibu kwamba ameshika neno hilo miaka zaidi ya hamsini. Alilishika siku ya kunizaa mimi, siku mbili za uchungu, wakati wanawake wengine wanataja kila jina wanalolijua. Alilishika siku za vita, tulipopita kwenye vizuizi vya watu wenye bunduki, wakamwuliza yeye ni wa nani. Leo akaliachie mashine? Nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa. Siku nne hatukusemezana. Nilimwachia viazi mlangoni nikaondoka.

Na Mwalimu, masikini, kwa nia njema kabisa, ndiye aliyeharibu, au ndiye aliyetengeneza, mpaka leo sijui. Jumamosi iliyofuata alinikalisha akaniambia taratibu kwamba huenda tunajisumbua. Wengi walikwenda na jeshi kama wapagazi na wapishi, na hao hawakuandikiwa fishi. Wakirudi walivaa makabuti waliyopewa au waliyoyanunua, na wajukuu wakaamini. Si aibu, dada, alisema. Mpishi naye alikwenda.

Nikampelekea Mama hayo maneno kama yalivyo. Si kwa hila, naapa, nilikuwa nimechoka tu. Alikuwa anakunja nguo. Mikono ikasimama.

"Naye anasema mpishi?"

"Anasema labda."

"Jumamosi nitavuka na wewe," alisema, akaendelea kukunja nguo.

Mama hakuwa amevuka mpaka tangu tumzike baba mdogo. Jumamosi hiyo alivaa mshanana wake wa harusi, lile vazi letu la heshima, akafunga begani vizuri, akavaa viatu vya kufunika. Pale mpakani, Petite Barrière, watu walikuwa wamejaa na mabeseni yao, tukasukumwa, yeye hakusukumika. Askari wa mpaka alimwuliza anakwenda kwa nani. Kwa baba mkwe wangu, alisema. Yule kijana akatazama kitambulisho chake, akatazama mwaka wake wa kuzaliwa, nadhani akapiga hesabu ya umri wa huyo baba mkwe. Akatupisha.

Chumba cha parokia kilikuwa na watu kama kumi. Benchi la mbele walikaa mabibi wawili wa kwetu, wamevuka kutoka Mudende kwa shughuli kama yetu. Mwalimu alisimama akampa Mama kiti chake mwenyewe. Hakukaa. Alimwuliza kwa Kiswahili chake cha Goma, ambacho nilikuwa sijakisikia kinywani mwake siku nyingi:

"Ni we unasema baba mukwe yangu alikuwa mupishi?"

Mwalimu alishika kifua akasema hapana Mama, alisema labda tu, na kwamba bila jina la kweli hana la kufanya. Kama Mama anamkumbuka mzee vizuri, labda aelezee tu, labda tukitafuta kwa kijiji. Mama alimwacha amalize. Kisha akavuta mshanana wake begani.

"Andika," alisema.

Akalitaja. Alitaja jina la mzee zima, na jina la baba yake mzee, na mlima alikozaliwa. Mabibi wawili wa benchi la mbele walifunika vinywa vyao. Mmoja aliinuka akasimama, akabaki amesimama. Mimi nikaona haya kwamba nimemfikisha hapo.

Mwalimu ni mtu wa Kisangani. Desturi zetu hizi atazijulia wapi? Vidole viko tayari juu ya mashine, akainama mbele, akasema kwa adabu zake zote:

"Rudia, Mama, sijalishika vizuri."

Bibi aliyesimama akatoa sauti kooni. Mama akaketi kwenye kile kiti alichokikataa.

"Nimelisema mara moja," akajibu. "Mara ingine ni ya mutoto."

Mtoto ni mimi, miaka hamsini na mbili. Nikamwinamia Mwalimu nikamtajia jina la babu yangu herufi kwa herufi, mimi sifungwi na lolote, mimi ni damu yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka. Nililisema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na kwa makusudi.

Alikuwemo. Alikuwemo siku zote, katikati ya wenzake, amekaa anasubiri jina lake. Mwalimu aligeuza kompyuta tuone, akatusomea kile Kifaransa na kutueleza. Mwaka alioandikishwa upo, urefu wake upo. Abisinia. Misri. Cheo, kaporali. Mguu wa kushoto, vidole viwili vimekatwa hospitalini. Mama akafumba macho. Mzee alipougua mwisho ni yeye aliyempelekea maji ya moto ya miguu kila jioni, na vidole hivyo viwili visivyokuwepo hakuna mwingine aliyebaki hai aliyeviona.

Kisha Mwalimu akafika kwenye adhabu. Alisoma, akasoma tena, akaanza kucheka peke yake mpaka akavua miwani. Siku nne rumande, kwa kukataa kurudisha kabuti.

Tulicheka chumba kizima. Mabibi wa Mudende walicheka, na mimi nilipiga meza. Mitumba! Serikali ya Ubelgiji ilitaka kabuti lake, naye akakaa rumande siku nne akatoka nalo, na akalivaa misa kila Jumapili mpaka kufa. Yule mwenye mdomo wa harusini nilitamani ningempigia simu hapo hapo, lakini Mama akasema hapana, atasubiri harusi nyingine, anataka meza iwe imejaa.

Mstari wa mwisho Mwalimu alitaka kuuruka. Nilimwona. Nikamwambia asome. Mtu wa kujulishwa askari akifa, alisoma, na mbele yake wameandika neno moja tu la Kifaransa, néant. Mama akauliza maana yake. Hakuna, Mwalimu akamwambia. Hana mtu.

Mama hakucheka tena. Aliuliza ni nani aliyeandika hivyo. Mwalimu akasema karani wa jeshi, na kwamba hata hivyo ilikuwa kweli, wazazi walikuwa wamekufa, naye alikuwa bado hajaoa, angemtaja nani. Mama akasema, basi andika mimi. Mwalimu akaeleza, kwa huruma, kwamba hiyo ni nakala ya kumbukumbu za nchi nyingine, yeye hana ruhusa ya kugusa hata nukta. Akatuchapia ile karatasi, Mama akaikunja mara mbili akaitia kifuani. Tukaaga. Yule bibi aliyesimama hakuketi mpaka tulipotoka mlangoni.

Tulivuka mchana huo huo, tukafika nyumbani tuna njaa. Mama alivua mshanana, akafunga kitenge, akaingia jikoni, nami nikamenya viazi. Katikati ya kupika akanyoosha mkono bila kugeuka, akaniomba kile kitu. Alikiita kwa Kiswahili. Nilimpa. Nikajua jina limerudi mahali pake, limefungwa, na halitatoka tena. Ndiyo maana nami sitaliandika hapa, wala lile neno la jikoni. Mnaolitaka nendeni kwa Mwalimu, lipo.

Tulipomaliza kula alifuta meza kwa kitambaa, akakausha, akaifungua ile karatasi akainyoosha kwa kiganja. Akaniomba kalamu. Mama hakusoma shule, anachojua kuandika ni jina lake tu, alijifunza ukubwani ili asitie dole gumba kwenye vitambulisho. Aliniuliza mstari ni upi. Nikamwonyesha. Alikata lile neno la karani, mara moja, mstari mnyoofu, na juu yake akaandika jina lake, herufi kubwa kubwa, polepole, mpaka likafika ukingoni mwa karatasi.